Spika ya Nthiga

Stima iliporudi, Wambeti alikuwa dakika ya kumi na saba ya rekodi, na hakutaka kusimama. Kompyuta ilikuwa na chaji, na kisanduku cha intaneti kilikuwa na betri yake, kwa hiyo kazi haikukatika. Ndani ya hedifoni watu wa nchi ya mbali walikuwa wakibishana kuhusu paa la shule linalovuja, huyu akimkatiza yule, na kazi yake ilikuwa kuandika kila neno: nani kasema, na kwa dakika ipi. Vidole vilikuwa vyepesi asubuhi hiyo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kinyozi hapo sokoni Manyatta, kidogo kiasi kwamba akinyoosha miguu anaugusa mlango. Alikikodi kwa sababu intaneti ya waya iliishia sokoni. Nyumbani, chini kwenye mashamba ya kahawa, alibaki mama yake, Ruguru, na moyo wake uliochoka. Mwezi uliopita mama alianguka jikoni akalala sakafuni mpaka jioni, na daktari akasema asiachwe peke yake tena. Daktari alisema hivyo akiandika, bila kuinua macho. Wambeti hakuwa na ndugu wala mtu wa kumwachia, basi akatafuta njia.

Njia yenyewe ilikuwa hii. Kila asubuhi aliweka simu kuukuu kando ya kitanda cha mama, akaipigia kutoka kwenye kompyuta, na simu hiyo haikukatwa mpaka jioni. Jumapili moja nzima aliipoteza akipekua mipangilio ya sauti, mpaka akaweza kuzitenganisha: rekodi za kazi ziingie kwenye hedifoni, sauti ya nyumbani itoke kwenye spika ndogo ya mezani. Sikio la kulia alilipa kazi, la kushoto akaliacha wazi kwa ajili ya mama. Kukohoa, kuku, redio ya chini chini, vyote vilimfikia pale mezani.

"Nikikuhitaji nitagonga kikombe cha bati mara tatu," mama alikuwa amemwambia.

"Na mimi nitakuja," Wambeti alijibu.

Mama alicheka sana, akasema sasa uzee umemfanya stesheni ya redio.

Kuna kitu kimoja tu Wambeti hakukifanya. Rekodi za kazi alizichagulia hedifoni mwenyewe, kwa jina. Sauti ya mama aliiachia kompyuta iamue itokee wapi, kwa sababu kila siku ilikuwa ikiamua vizuri, na mtu akishazoea jambo huacha kulitazama.

Sasa spika ndogo ilikuwa kimya. Ilinyamaza stima ilipopotea, na taa yake nyekundu ilipowaka tena, ikaendelea kunyamaza. Wambeti aliitazama mara moja. Mama amelala, akajiambia, na lazima tukiri kwamba moyoni aliona raha. Kwenye rekodi mzee mmoja alianza kunong'ona, hasikiki vizuri. Akashusha hedifoni ikafunika na sikio la kushoto.

Alifanya kazi nzuri. Hakukosea hata jina moja. Alikuwa dakika ya thelathini na moja, yaani dakika kumi na nne mbele, ambazo kwa mwandishi wa rekodi ni zaidi ya saa nzima ya kuandika, alipoona kivuli kikitua juu ya vidole vyake.

Alikuwa Nthiga, kinyozi, mashine ya kunyolea bado mkononi. Nthiga ni mtu wa maneno mengi, huingia akiwa ameshaanza kuongea. Leo alisimama tu mpaka Wambeti akaishusha hedifoni shingoni.

"Mama yako ako na nani?" akauliza.

"Ako pekee yake. Amelala."

"Hajalala, Wambeti." Akaelekeza mashine ukutani. "Kuna kitu imekuwa ikigonga kwa spika yangu, mara tatu tatu. Tulidhani ni muziki, tukacheka hata. Nikasumbuana na simu yangu nikidhani ndiyo mbovu. Halafu ikaita jina yako."

Wambeti aligeukia kompyuta. Jumamosi Nthiga alikuwa ameiazima acheze nyimbo kwenye spika yake kubwa isiyo na waya, na kompyuta haikusahau. Stima ilipopotea iliikosa spika ndogo. Iliporudi, ikaikamata hiyo kubwa ng'ambo ya ukuta. Pale kwenye orodha, jina la spika ya Nthiga lilikuwa na alama ya tiki.

"Inaita saa hii?"

"Imenyamaza."

Hakubadilisha chochote. Alitoka na hedifoni shingoni, waya ukaburuta kikombe cha chai kikavunjika, naye hakugeuka. Nthiga alisikia pikipiki iliyombeba ikinguruma kuteremka upande wa kahawa.

Kinyozi akarudi kwenye kiti. Mteja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, na wengine wawili waliokuwa wakingoja benchini walikuwa wameacha kuongea. Spika kubwa, ile inayotikisa vioo siku za soko, ilikuwa ikitoa sauti ya kuku wakiparua karibu sana na mlango, na redio ikisoma bei ya mbegu.

"Zima hiyo kitu," mteja akasema polepole.

Nthiga akanyoosha mkono mpaka kwenye kitufe, halafu akaurudisha. Aliogopa, na aliona aibu kwa kucheka kule. Lakini akiizima, nani atabaki na yule mama? Basi wakakaa naye, wanaume wanne, mmoja na kichwa nusu, wakiitazama spika.

Dakika zikapita. Pikipiki ikasikika kwa mbali, ikakaribia, ikazimwa. Kuku wakatawanyika. Mlango ukasukumwa.

"Mama, nimekuja."

Kitu cha bati kikapigwa teke kikabingirika kwenye saruji, kikazunguka, kikatulia. Redio ikazimwa. Nthiga akagundua kwamba mashine ya kunyolea ilikuwa bado inanguruma mkononi mwake, akaizima.

Kikombe kikagonga mara moja, kwa unyonge.

Wote wanne wakainama mbele, wakingojea kigonge mara ya pili.