Mkono Usionuswa Tena

Tangu aolewe, Solange Funel hakuwahi kula kitunguu saumu siku ya Jumamosi. Kwa mtu wa Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa, hilo si jambo dogo. Watu wa huko hutia kitunguu saumu katika kila kitu isipokuwa kahawa, na wapo wazee ambao hata kahawa yao huwezi kuiamini. Lakini Solange alikuwa mke wa Gaétan, na Gaétan alikuwa mtunga manukato kwenye kiwanda cha juu ya mji, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Gaétan alihitaji mkono wa mkewe.

Ndivyo walivyoishi. Jumamosi hakuna kitunguu saumu, hakuna viungo, hakuna mvinyo mwekundu. Jumapili asubuhi Solange anaoga kwa sabuni isiyo na harufu, ile wanayopewa watoto wachanga. Kahawa ikishanywewa, Solange anapandisha mkono wa blauzi na kuulaza mkono wake mezani, katikati ya makombo ya mkate. Gaétan anadondosha tone moja la kazi ya wiki ile, anasubiri lipate joto la mwili, kisha anainamisha pua na kufumba macho.

"Karatasi ya kunusia inanidanganya," alikuwa akisema. "Wewe hunidanganyi."

Jina la Solange halikuandikwa kwenye chupa hata moja. Lakini alipopishana njiani na mwanamke wa mjini, kiatu cha bei na shingo juu, akasikia harufu anayoijua, alicheka peke yake. Vaa tu, mama, alisema moyoni, hiyo ilipita kwangu kwanza.

Mwaka ule, Gaétan alipoinuka kitandani baada ya homa kali ya Januari, mambo yakabadilika. Jumapili ya kwanza alisema amechoka. Ya pili alisema kazi haijaiva. Baada ya hapo alikunywa tu kahawa yake na kufungua gazeti, na mkono wa Solange ukabaki pale mezani kama samaki aliyekosa mnunuzi hadi soko linafungwa. Solange akaushusha mkono wa blauzi taratibu, akaanza kukusanya vyombo. Aliumia, lakini alimeza.

Kazi yenyewe ilikuwapo, tena kubwa. Mabwana wa Paris walikuwa wamekiagiza kiwanda manukato ambayo mtu akiyanusa popote duniani atasema, huyu aliyepita hapa ni Mfaransa. Gaétan aliwacheka sana mwanzoni. "Mfaransa gani?" aliuliza huku akikata jibini. "Wa kwenye treni saa za kutoka kazini? Wa kabati la bibi yake?" Kisha akatulia na kusema, "Najua. Ni mwanamke anayetoka nyumbani amechelewa, nywele hazijakauka, na hajali." Solange, ambaye maisha yake yote hajawahi kutoka nyumbani kwa wakati, alijua anayesemwa ni yeye. Sasa manukato hayo yanatungwa, na yeye hajaonjeshwa hata tone.

Basi yakamfikia kwa njia nyingine. Alhamisi moja mwezi Machi, akitenga nguo za kufua, alisikia kwenye mkono wa shati la mumewe harufu ya maua ya mchungwa, na chini yake kitu cha joto, kama ngozi ya mtu aliyekaa juani. Solange hakusomea kazi ile, lakini alikuwa ameinusa mikono ya Gaétan nusu ya maisha yake. Harufu ya karatasi hukauka ikawa nyembamba. Hii ilikuwa nene. Hii ilikuwa imekaa juu ya mwili wa mtu.

"Leo ulikuwa wapi?" alimuuliza mezani.

"Kiwandani. Wapi tena?"

"Shati lako linanukia maua ya mchungwa."

Gaétan alikoroga supu yake kwanza. "Nilinunua mkate mtamu," akasema. "Ule wa maua ya mchungwa."

"Na wangu uko wapi?"

"Niliumaliza njiani."

Mwanamume ambaye hajawahi kurudi nyumbani bila kumletea mkewe kipande cha mkate ule! Solange alisukuma bakuli la supu pembeni.

Siku iliyofuata alimwendea mdogo wake, Régine, aliyekuwa na saluni ndogo karibu na soko, mwanamke asiyejua kusema kitu kwa sauti ya chini.

"Ana mkono mwingine huyo," Régine akasema huku amekamata kichwa cha mteja. "Wala usijisumbue kufikiri."

"Gaétan? Gaétan wangu anayesahau hata miwani yake iko wapi?"

"Miwani amesahau, mikono hajasahau. Dada, wewe ngozi yako amefanya nayo kazi mpaka amechoka. Sasa amepata ngozi mpya, laini, haina makunyanzi. Mimi ningekuwa wewe ningeshamfuata."

"Mimi si wa kumfuata mwanamume njiani."

"Haya, kaa na heshima yako. Itakupikia chakula."

Mteja akacheka ndani ya taulo. Solange akaondoka na hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani.

Tangu siku hiyo aliona kila kitu kwa jicho la mashaka. Jumapili aliacha nyama kwenye moto mdogo, akaenda bustanini kuzungumza na Régine kwa simu, wakasahau muda. Aliporudi, nyama ilikuwa imeshika chini na harufu yake chungu imejaa nyumba nzima. Na Gaétan amekaa pale pale, mlango wa jikoni uko wazi, anasoma.

"Hukusikia harufu?"

"Ya nini?"

"Ya nini! Chakula kimeungua, mume wangu!"

"Nilikuwa nasoma," akasema, na macho yake yakakimbilia gazeti.

Huyu ndiye mtu ambaye zamani alitoka bafuni na povu kichwani kusema maziwa yanakaribia kufurika. Aliyejua jirani wa chini amepika nini na amekosea nini. Leo nyumba inaungua yeye anageuza ukurasa. Solange alipata jibu moja tu, nalo lilimchoma: mtu hanusi nyumba ambayo moyo wake umeshahama.

Akaamua kumpima. Kwa watu wa kazi ile, mke wa mtunga manukato kujipaka kazi ya mtu mwingine ni aibu, ni sawa na kuacha koti la mwanamume mgeni limetundikwa sebuleni. Solange alishuka hadi Cannes ambako hajulikani, akanunua manukato ya kiume, mazito, ya ngozi na tumbaku, ya kampuni ambayo Gaétan alikuwa akiitukana kila siku. Jioni akajipaka shingoni, kwenye nywele, mpaka mwenyewe akapiga chafya. Kisha akasimama mlangoni kumpokea mumewe.

Alitaka Gaétan agombe. Alitaka atupe mkoba chini na kuuliza, nani huyo? Gaétan aliingia, akamkumbatia, akambusu shingoni, pale pale penye lile tumbaku.

"Umependeza," akasema. "Kuna nini cha kula?"

Solange aliingia jikoni, akafungua bomba ili asisikike, akalia huku ameshika ukingo wa sinki. Mume aliyenusa mwanamume mwingine kwenye shingo ya mkewe akauliza chakula, huyo si mume tena. Aliendelea kujipaka kesho yake na keshokutwa, kwa ukaidi tu. Akarudi pia kula kitunguu saumu, kila siku, hata Jumamosi. Gaétan alimbusu vile vile kila jioni.

Alhamisi alimfuata. Naam, yeye asiyekuwa wa kumfuata mwanamume njiani. Gaétan alitoka kiwandani baada ya chakula cha mchana, akateremka ngazi za nyuma ya kanisa kuu, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, akaingia kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Dirisha la juu lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Solange alisimama chini yake na kusikia sauti ya mwanamke.

"Leta mkono. Usitetemeke. Subiri, bado haujapata joto."

Maneno yale yalikuwa yake. Miaka yote ile yaliambiwa yeye, kwenye meza yake, Jumapili yake. Alipanda ngazi bila kushika ukuta na kuusukuma mlango.

Chumba kilikuwa na meza, vichupa, na vikaratasi vya kunusia vimetawanyika kila mahali. Mwanamke alikuwa Ludivine, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Gaétan kiwandani na sasa anafanya kazi zake mwenyewe. Alikuwa ameinama, amefumba macho, pua yake juu ya mkono uliolazwa mezani. Na mkono ule ulikuwa wa Gaétan.

Solange alikuja na matusi tayari mdomoni, lakini yakakosa pa kwenda. Alizoea kuona pua ya mumewe ikiinama. Hakuwahi kuuona mkono wake ukinuswa.

"Solange," Gaétan akasema, akasimama kwa haraka hata kichupa kikaanguka.

"Kaa! Kaa tu, msikatishe starehe yenu! Kwa hiyo siku hizi wewe ndiye unayenuswa?"

Ludivine aliinua kichwa. Pua yake ilicheza, mara moja, mara ya pili, kisha akamtazama Solange kutoka shingoni hadi machoni kwa jicho baya. Alikuwa amelisikia lile tumbaku. Solange akaielewa ile sura vizuri, maana mwenyewe alikuwa ameivaa tangu Machi. Sasa yeye ndiye anayeshukiwa, tena na huyu!

"Sisikii harufu," Gaétan akasema.

"Nini?"

"Tangu ile homa. Sisikii kitu, Solange. Kahawa ni maji ya moto. Waridi ni majani. Ukinitumbukiza kwenye pipa la samadi nitadhani nimeingia chumba kitupu." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia. "Yale ya Paris nayatunga kwa kumbukumbu. Ludivine ananusa, ananiambia nimepotea wapi. Kiwandani hawajui."

"Daktari anasema huenda ikarudi," Ludivine akasema. "Na huenda isirudi."

"Kiwandani hawajui, sawa," Solange akasema. "Na mimi? Mimi ni kiwanda?"

Gaétan alitazama mikono yake. "Mawaridi yamekwenda, nimevumilia. Mkono wako sijaujaribu. Maadamu sijaujaribu, najiambia bado upo. Lakini nikiinama pale, mezani kwetu, nisikute kitu..."

Solange aliikumbuka nyama iliyoungua, na lile busu la shingoni, na jinsi alivyolia kwenye sinki, akaona haya, na bado alikuwa na hasira. Akavuta kiti, akakaa. Gaétan alimsogelea, akaweka paji la uso wake begani kwake.

"Ludivine," akasema bila kugeuka, "nisaidie. Mke wangu leo ananukia nini?"

Ludivine alitazama dirisha, akatazama vichupa vyake, masikio yakamwiva. "Sabuni," akasema hatimaye. "Sabuni na ngozi. Kama siku zote."

Solange angeweza kuacha yaishie hapo. Uongo ulikuwa umeshatandikwa, safi, kazi yake ilikuwa kulala tu. Lakini alikuwa amechoka na vya kufichwa.

"Anakudanganya ili anistiri. Nanukia mwanamume."

Gaétan aliinua kichwa. "Mwanamume gani?"

Aliuliza kwa ukali, macho yamemtoka, shingo imeingia damu. Ndilo swali ambalo Solange alisimama mlangoni akilisubiri jioni zile zote, na lilipokuja nusura acheke kwa furaha.

"Wa chupa," akasema. "Nilimnunua Cannes, nikajipaka ili ugombe. Hukugomba. Uliniuliza chakula."

"Wa chupa." Alimtazama sana. Zamani asingehitaji kuuliza. Alipofika tu mlangoni alikuwa ameshajua mkewe amekaa na nani, ameshika nini, amevuta sigara ngapi za Régine. Sasa alikuwa na macho tu, kama watu wengine. "Nitajuaje, Solange?"

"Hutajua. Utaniamini tu. Kama mimi nitakavyokuamini kwa huyu," akasema, akimwonyesha Ludivine kwa kidevu.

Ludivine akachukua koti lake, akasema anakwenda kununua kahawa, ingawa kahawa ilikuwapo.

Solange alipandisha mkono wa blauzi, akasukuma vikaratasi pembeni, akaulaza mkono wake mezani.

"Inama."

"Sitasikia kitu."

"Najua. Inama, nitakuambia mimi."

Gaétan akainama. Pumzi yake ilikuwa ya moto pale kwenye kifundo, na hakufumba macho kama zamani, aliyafungua, akasubiri. Katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kumuuliza Solange mkono wake unanukia nini, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Akauinua puani, akanusa, akaurudisha mbele ya mumewe.

"Kitunguu saumu," akasema. "Kingi."

"Hilo," Gaétan akasema bila kuinua uso, "nakuamini."