Fagio la Karakana ya Vinanda

Geesje alikuwa ameomba mashine ya kufyonza vumbi mara saba, na mara zote saba Onno alimjibu, "Tutaangalia." Miaka miwili unaangalia nini, jamani?

Karakana yao pale mjini Groningen ilitengeneza mabomba ya vinanda vya kanisani, na mabomba hayo ni madini ya risasi na bati kidogo. Bomba likikwanguliwa, vumbi la kijivu linatua mezani, kwenye nywele, kwenye mikate ya jibini. Sumu ile haina haraka, inakula mtu polepole. Sheria inamtaka Onno, mwenye karakana, awakinge mafundi wake. Yeye alimteua Geesje msimamizi wa usalama, akampa jalada na fagio, akaona kamaliza. Na Geesje, miaka thelathini na tisa, yeye na mumewe walikuwa wanatafuta mtoto.

Damu za mafundi zilipimwa kila mwaka, Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ya kiangazi. Watu wametoka kupunga upepo wiki tatu, sumu imepungua damuni, majibu yanakuja mazuri na Onno anayabandika ukutani. Lo, ujanja ulioje! Geesje aliugundua mwaka huu tu, alipopanga karatasi za zamani. Alijichukia kweli, maana sahihi iliyokuwa chini ya zote ilikuwa yake. Siku hiyohiyo alimpigia daktari, akamwomba aje kabla ya likizo.

Mzee Wubbo, aliyejaribu kila bomba kwa kulipuliza kwa mdomo, alinuna.

"Binti, damu yangu ikionekana mbaya wataniondoa kazini hawa. Unanitafutia balaa."

"Natafuta mashine, mzee wangu. Tumbo linakukata tangu Pasaka, au utasema ni supu ya njegere?"

"Supu ya mke wangu usiiguse!"

Majibu yalikuja Alhamisi. Wubbo aliponea chupuchupu. Aliyevuka kipimo alikuwa Geesje mwenyewe. Daktari alimkataza kugusa risasi, akamwambia habari ya mtoto isubiri, pengine mwaka mzima. Geesje alilia chooni, akanawa uso, akaenda ofisini kwa Onno.

"Ama kweli!" Onno alisema huku akikoroga kahawa. "Msimamizi wa usalama ndiye mchafu kuliko wote. Kunawa hujui?"

"Nanawa mpaka ngozi inachubuka. Ila ninayefagia ni mimi, Onno. Kila jioni, kwa fagio kavu, kwa sababu mashine hununui."

"Usinipigie kelele. Vumbi kidogo tu lile, halijamuua mtu."

Geesje alimtazama. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Akatoka, akarudi na lile fagio, nyuzi zake zimejaa vumbi la kijivu, akaanza kufagia ofisi kuanzia mlangoni.

Onno aliruka kitini na kufunika kikombe kwa kiganja. "We Geesje! Una wazimu? Nakunywa kahawa hapa!"

Fagio likasimama.

"Kumbe unajua," Geesje alisema. "Siku zote ulikuwa unajua."

 Kiganja cha Onno kilikuwa bado juu ya kikombe. Geesje aliliegemeza fagio kwenye meza ya Onno, akaivuta simu ya ofisi, akawapigia wakaguzi wa kazi.