Miaka Sita Iliyobaki Getini

Jumanne ni siku ya Sella kufua nguo za watu huko Kabiro. Hutoka kwake mtaa wa Lindi jua halijakolea, akakata kwa miguu mpaka Kabiro, Kawangware, na kabla hajaloweka kitu hupekua mifuko yote, kwa sababu karatasi ikipita majini huacha ungaunga mweupe kwenye nguo nzima, na Mama Waithira, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga, hapendi. Ndivyo alivyoipata tiketi. Ilikuwa kwenye kaptura ya kitinda mimba wa Mama Waithira, imekunjwa mara nne, ina picha ya twiga pembeni. Bustani ya wanyama. Mkubwa mia nne, mtoto mia mbili. Sella aliishia darasa la sita, lakini hesabu hiyo haikumsumbua. Aliomba aichukue. Mama Waithira akasema hiyo ni takataka, achukue tu.

Mjukuu wake, Valentine, alikuwa na miaka minane. Muhula uliotangulia darasa lao lilipelekwa kuona wanyama, na wale ambao kwao hakukupatikana pesa, Valentine na wenzake sita, waliokota makaratasi uwanjani mpaka basi likarudi. Tangu siku hiyo mtoto alikuwa na swali moja. Twiga akinywa, maji yanapanda vipi shingo yote ile? Sella hakujua. Alimwambia wataenda wamtazame akinywa.

Mia sita ilichukua miezi mitano kutimia. Nauli haikuwemo, kwa hiyo Jumamosi hiyo walitembea, Valentine na gauni lake la kanisani na viatu vya shule, Sella na leso mbili, moja ya kujifunga, moja ya kufungia viazi vitamu na chupa ya chai.

Ubao wa getini ulisema mkubwa mia sita, mtoto mia tatu, chini ya miaka mitatu bure. Chini yake uliandikwa kwamba chakula cha kutoka nyumbani hakiingii.

Aliyekuwa dirishani alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta ya kijani, jina lake Nduta, limeshonwa kifuani. Sella akampa ile tiketi. Nduta aliisoma mbele na nyuma, kwa heshima, akaeleza kwamba hiyo ni ya mwaka jana, bei ilipanda Januari. Sella akauliza kama mtoto angeingia peke yake, yeye akae nje amngoje. Nduta akasema mtoto haingii bila mkubwa.

Basi Sella akafanya kile ambacho mama yeyote wa Lindi hufanya kondakta akianza kuhesabu vichwa.

"Huyu ni mdogo," alisema. "Ako na miaka mbili."

Nduta akamtazama Valentine, ambaye kidevu chake kilifika kwenye kaunta. "Aseme mwenyewe."

Valentine alikuwa mtoto wa kufunzwa. "Niko na miaka mbili," akasema, na akawa nayo.

Miaka sita ilimtoka bila kelele, ikatua kwenye kaunta kama nguo zilizokunjwa. Ilikuwa bado na joto. Ndani yake mlikuwa na meno mawili ya mbele, kovu la goti la kushoto, hesabu ya kuzidisha mpaka saba mara saba, na pambio moja la Jumapili. Nduta aliitia kwenye mfuko wa khaki, akaukunja mdomo, akabandika namba kumi na nne. Furushi la viazi na chai nalo likapata kumi na nne. Akamkabidhi Sella kibao kidogo chenye namba hiyo.

"Usipoteze, mama. Wiki iliyopita kuna mwenye alipoteza chake, tukatafuta mpaka jioni."

Nyuma yake rafu ilikuwa imejaa mifuko ya khaki.

Sella alilipa mia sita yake, akambeba mtoto mgongoni, viatu vya shule akavishika mkononi. Ndani walikuwamo kina mama wengi wenye watoto wachanga waliovaa magauni ya kuburura na kaptura za kufungwa kwa kamba, na kila mama alikuwa na viatu vikubwa mkononi. Walisalimiana kwa kichwa. Watoto wa miaka minane na tisa walikuwapo pia, wachache, wanakula aiskrimu.

Valentine alilala kwa simba. Kwa mbuni aliamka, akataka kifuniko cha soda kilichokuwa chini. Walipofika kwa twiga, twiga alikuwa anakwenda kunywa. Sella akamgeuza mtoto mbele, akamwinua, akamwonyesha kwa kidole. Twiga akainamisha kichwa chenye ukubwa wa karai, na Valentine akapiga ukelele, akaficha uso kwenye shingo ya nyanya yake. Sella akambembeleza. Alipoinua macho, twiga alikuwa ameshamaliza.

Akaamua kumtazama twiga kwa niaba ya mtoto. Alihesabu kope, mpaka zikamchanganya. Aliangalia ulimi, ambao ulikuwa mweusi, na magoti, na jinsi mabaka yanavyopungua ukubwa kuelekea kwato.

Wakati wa kutoka alirudisha kibao. Nduta akashusha mfuko na furushi.

"Niliiweka mbali na jua," alisema. Kisha, akikunjua mdomo wa mfuko: "Wangu ako na tisa. Sijawahi kumwingiza."

"Na wewe ndiye uko hapa?"

"Mimi niko hapa dirishani."

Valentine akawa wa minane. Alikaa chini akavaa viatu, akafunga kamba vizuri, akasimama, akakung'uta gauni.

"Kukhu," akamwambia nyanya yake, "tunaingia saa ngapi?"

Sella alimpa kiazi. Walipokuwa wameliacha geti mbali ndipo alipomwambia kwamba walishaingia, na akaanza kumweleza: zile kope, ule ulimi, na kwamba twiga akitaka kunywa hupanua miguu ya mbele kama mtu anayepiga deki. Valentine alisikiliza akitafuna.

"Na maji yanapanda vipi?"

"Hapo sikuona," Sella alisema. "Ulikuwa unalia."

Mtoto akaomba msamaha. Sella akamwambia si kosa lake, ale kiazi.

Januari, Jumanne ya pili, Sella alipata tiketi nyingine kwenye kaptura ileile ya Kabiro. Mkubwa mia saba, mtoto mia tatu na hamsini. Bure ilikuwa sasa chini ya miaka miwili, na kwa maandishi madogo waliongeza kwamba miaka iachwayo kaunta huachwa kwa hiari ya mwenyewe. Sella akapiga hesabu. Valentine angefika tisa. Angeacha minane, abaki na mmoja, na wa mwaka mmoja hata kusimama bado.

Tiketi ilikuwa na unyevu kidogo. Aliianika kwenye kamba katikati ya soksi, akaibana na kibanio chake yenyewe, akaanza kuloweka.