Pembeni ya Seng'enge

Kantengwa alifika Mbarara na kibuyu cha maziwa mapajani. Ndayambaje amerudi, na kwao aliyerudi kutoka mbali hupokewa kwa maziwa. Kijana huyo alikuwa akipika pamoja na Ezira, mwana wa pekee wa Kantengwa, kwenye kambi ya jeshi la kigeni katika nchi moja ya jangwani, huko magharibi. Tangu wanajeshi wa nchi ile wampindue rais wao, simu ya Ezira haipatikani.

Katika mkahawa walipoahidiana kukutana, wanaume walikuwa wakiyagawana mapinduzi yale kama nyama ya sikukuu. Wageni wa zamani wamefukuzwa, wamepoteza urani. Mahasimu wao wameingia, wamepewa dhahabu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na safari hii kunguru walikuwa wawili. Wapishi hakuna aliyewataja. Nani humtaja mpishi?

Kantengwa aliikumbuka simu ya mwisho. "Mama, batu beko nakimbia," Ezira alisema. "Na mimi nikimbie?"

"Usitoke fasi iyo. Kaa pembeni ya seng'enge ya bazungu."

Alijibu bila kusita. Vita vilipowakuta kwao Kivu ya Kusini, nchini Kongo, waliolala kwenye seng'enge ya askari wa Umoja wa Mataifa walipona, na waliokimbilia porini, mumewe akiwamo, walizikwa huko huko. Somo hilo alikuwa amelilipia.

Ndayambaje akaja, akasalimu kwa adabu, akaketi. Kantengwa akammiminia maziwa. Inzi akatua ukingoni mwa kikombe, Ndayambaje akamwangalia tu. Mwenye habari njema hunywa kwanza, na Kantengwa alilijua hilo tangu utotoni.

"Sema tu, mwanangu."

"Bazungu balipanda ndege, bakatuacha. Baaskari ba pale balikuja na bale bazungu bapya. Kila mutu balimukuta ndani ya seng'enge, balisema ni mupelelezi wa bale ba zamani. Bakabapiga masasi, bakakufa bote."

"Na weye?"

"Mimi nilikimbia mapema, mbele bafike. Ezira nilimuvuta mukono, mama. Akakatala. Akasema, 'Mama yangu anajuaka vita.'"

Meza ya pili walikuwa bado wanabishana nani kafaidika. Kantengwa alitaka kulia, akajiona hana haki hata ya machozi. Alikuwa amempa mwanawe kitu pekee alichokijua, kile kile kilichomwokoa yeye. Akayarudisha maziwa kibuyuni polepole, akaziba, akauliza gari la kurudi Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, linatoka saa ngapi.