Saa na Mbuzi ya Kukunia Nazi

Daktari alinifunga bendeji mguu wa kushoto, akamwambia mwanangu Fauzia, si mimi, kwamba damu ilikuwa imeganda humo ndani na dawa peke yake haitoshi. Nisikae muda mrefu. Kila saa moja ninyanyuke, nitembee. Fauzia akaitikia. Mimi niliutazama mguu ule kama mzigo wa mtu mwingine nilioachiwa niulinde.

Mume wangu Twahir, fundi wa mashine za boti hapa Bodo, alikuwa amefariki wiki chache kabla. Nilikuwa ndani ya eda, na kwetu mwanamke wa eda huletewa chakula, huchotewa maji, hufuliwa nguo. Wifi yangu Mwanamkuu, dada yake marehemu, alihamia kwangu tangu siku ya mazishi. Alinitunza vizuri hata nikawa sina sababu ya kunyanyuka ila kwa udhu na choo. Sikulia. Nilikaa tu.

"Basi nitakuhamishia Ukunda," alisema Fauzia tuliporudi kutoka hospitali. Anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na amepanga chumba Ukunda. "Huko nitakuona kwa macho yangu."

"Mjane humaliza eda katika nyumba ya mumewe," Mwanamkuu akamjibu.

"Shangazi, mguu ukimuua ataimalizia wapi?"

Hilo ndilo jambo pekee nililolitaka siku zile, nimalize eda humu, nyumbani kwa Twahir. Sijui kwa nini nililitaka, maana hakuna kingine nilichokitaka, hata maji. Nikamwambia Fauzia kwamba nitatembea. Hakuniamini. Aliniletea saa nyeusi ya mpira, akanivalisha mkononi. Saa hiyo huhesabu hatua, na mtu akikaa sana hutetemeka. Simu yangu humpelekea Fauzia kila hesabu.

"Hatua zikiwa chache, Mama, ninakuja na teksi."

Siku ya kwanza ilitetemeka mchana kutwa. Niliifunika kwa leso. Sikuwa mkaidi. Nilijiambia nyanyuka, na mwili haukusikia.

Kesho yake Mwanamkuu, ambaye hupika vibibi, mikate ya mchele na tui la nazi, vya kuuza, aliniletea mbuzi ya kukunia na kapu la nazi. "Mikono ikikaa bure huokota mawazo," alisema. Nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna. Nazi moja ikaisha, nikashika nyingine. Jioni Fauzia akapiga simu.

"Mama! Leo umekwenda mbali! Mashallah!"

Nikaitazama saa. Hesabu ilikuwa imepanda kweli. Nilichelewa kidogo kuelewa kwamba saa haina macho. Ilichokijua ni mkono wangu, na mkono ulikuwa umekwenda na kurudi asubuhi nzima. Nilitaka kumwambia. Nikasema, "Alhamdulillahi."

Mwanamkuu alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi, umefika Lungalunga, nawe umekaa juu ya mbuzi!"

Tangu hapo majirani nao wakaleta nazi zao. "Kuna, wifi, kuna," alikuwa akinihimiza. "Kesho tunavuka mpaka, tunaingia Tanga." Hakuwa na nia mbaya. Aliamini mguu mgonjwa huponywa kwa kupumzishwa, na yeye pia hakutaka nitolewe katika nyumba ya kaka yake.

Mguu ulivimba. Niliuona, nikaishusha leso.

Ijumaa Fauzia alikuja bila kutuarifu, na mfuko wa machungwa, kuja kunipongeza. Alinikuta uani juu ya mbuzi, mkono unakwenda.

"Shikamoo Mama. Shikamoo shangazi." Hakungoja tuitikie. Alichutama, akainua leso, akaubonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki.

"Mama, ulikuwa ukitembea wapi?"

Nikamwonyesha mbuzi.

Hakupiga kelele. "Baba nimeshamzika," alisema. Akanivua saa.

"Usinihamishe," nikamwambia.

"Nifanye nini basi?"

"Nitembezeni humu humu."

Alinitazama sana. Kisha akaifunga saa kwenye kifundo cha mguu wangu mzima. "Hapa haitadanganyika."

Mwanamkuu akaruka. "Furungu? Mwanamke wa eda na furungu mguuni? Watu waseme kaka yangu amekufa, mkewe anajipamba?"

"Ni saa, shangazi."

"Saa ya mguuni ameiona nani?"

Fauzia akachana kipande cha kaniki kuukuu, akaizungushia saa mpaka ikafanana na bendeji ya pili. "Na sasa?"

Mwanamkuu aliinama, akakagua. "Sasa ni kidonda. Kidonda hakina makosa."

Mchana ule ule Fauzia alinirudisha hospitali, nikaongezwa dawa. Safari ya matibabu haivunji eda, hilo Mwanamkuu alikubali. Tulirudi Bodo kabla ya alasiri. Wakati wa kuondoka Fauzia alisema, "Ijumaa ijayo nitatazama mguu, si simu." Akaondoka peke yake.

Mwanamkuu aliifungia mbuzi chumbani kwake. Saa ilipotetemeka alinishika kwapa, akaninyanyua. Tulitoka chumbani, tukapita ukumbini, tukaingia uani mpaka ukutani, tukageuka. "Tembea, wifi, kabla sijaishiwa pumzi mimi."

Siku iliyofuata alikuja mgeni kutoka Kikoneni, Hannah, mwenye mashine ya kusaga mahindi. Twahir aliwahi kumtengenezea mashine hiyo. Alitafuta mkeka wa kukalia.

"Hapa hatukai," Mwanamkuu akamwambia. "Ukitaka kumpa pole, mfuate."

Hannah alivua viatu, akanifuata. Nyuma yangu alieleza jinsi Twahir alivyokataa chakula mpaka injini iwake, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, na wateja wamejipanga na ndoo zao za mahindi wakimtania kwamba atamezwa na mashine. Nilipita ukumbini, nikaingia uani. Tulifika ukutani, nikageuka, tukawa uso kwa uso.

"Alikula nini?" nikamwuliza.

"Ugali na mchicha. Akaomba tena."

Nikaendelea kutembea, Hannah na Mwanamkuu wakanifuata.