Picha za Jumamosi

Nguruwe alikataa kusimama. Mwadi alikuwa amemmwagia ndoo mbili za maji, amemsugua mgongo kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikang'aa, na amemtengea machicha ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, ambayo siku nyingine angeyafyonza hadi kuramba ardhi. Leo aliyanusa tu, akafumba macho na kulaza kidevu topeni.

"Inuka, Bolingo," Mwadi alimbembeleza. "Mwenyewe anangojea kukuona."

Mwenyewe alikuwa Lise, mke wa askari wa Base, kambi ya jeshi nje ya mji. Mumewe alipopelekwa vitani upande wa mashariki, Lise alifunga vyombo vyake akaenda kwa mama yake Kinkondja, na nguruwe akamwachia Mwadi kwa mpango wa kugawana: huyu analisha, yule ni mwenye mali, na watoto wakizaliwa ni nusu kwa nusu. Mpango huo ni wa tangu zamani. Na zamani hizo, mnyama wa kuachiwa akifa, mfugaji alimkata masikio, akayakausha juu ya moshi na kuyatunza mpaka mwenyewe aje ayaone kwa macho yake. Asiye na masikio ya kuonyesha aliambiwa amemla mnyama wa watu, na jina hilo alizikwa nalo.

Siku hizi kuna simu. Kila Jumamosi asubuhi Mwadi huwaosha nguruwe tisa wa kuachiwa, humsimamisha mmoja mmoja mbele ya mlango mwekundu wa behewa la mizigo ulioegemezwa ukutani, humpiga picha ya ubavu na humtumia mwenyewe. Mlango huo aliuleta mumewe, Zébédée, aliyegeuza njia za treni miaka thelathini na moja na hakupenda kurudi nyumbani mikono mitupu. Wake wa askari waliotawanyika huku na huku waliziona picha hizo, wakalala usingizi. Walisema Mama Mwadi hana bongo, na kwa watu wa Kamina bongo ni uongo.

Wakamwinua Bolingo wawili, Zébédée nyuma na Mwadi mbele. Alisimama akiyumba kwa muda wa picha moja, kisha akaketi. Mwadi aliingia kivulini kuiangalia ile picha, akaivuta kwa vidole viwili, na hapo ndipo alipoona. Ncha za masikio zilikuwa na rangi ya bilinganya. Chini ya tumbo napo palikuwa na madoa ya rangi ileile, ambayo juani jicho lake halikuyaona au halikutaka kuyaona. Alimpa mumewe simu aone.

Zébédée alisema ni jua tu. Kisha akasema jambo lingine, kwa sauti ya mtu anayepanga mambo madogo.

"Mama Masengo, tuma ile ya Jumamosi yenye ilipita. Nguruwe iko ule ule."

Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama alivyozoea, na pengine ndiyo sababu jambo lenyewe lilisikika kama la nyumbani tu, lisilo na ubaya. Mwadi alituma ile ya Jumamosi iliyopita. Bolingo mnono, masikio juu, macho wazi, mbele ya mlango mwekundu. Kabla ya adhuhuri Lise alikuwa amejibu kwa shukrani na baraka za Mungu, na Mwadi akaona aibu, lakini aibu ya kuvumilika.

Jumatatu Bolingo alikufa.

Mwadi alimchutamia na kisu mkononi. Mkono ulijua kazi: sikio la kulia, kisha la kushoto. Lakini masikio yalikuwa meusi kama yaliyochomwa, na mtu yeyote angejua kwamba weusi ule haukuanza jana. Basi Jumamosi je? Lise angeuliza hivyo, na angekuwa na haki. Mtu akisema uongo mmoja hana budi kuulisha kila siku, na uongo unakula kuliko nguruwe. Mwadi alifuta kisu kwenye majani bila kukitumia. Wakamzika Bolingo nyuma ya mihogo, na masikio yake.

Jumatano walikufa wawili, na Zébédée mwenyewe ndiye aliyemwita Abdias, mganga wa mifugo. Abdias alikataa kuingia. Alisimama nje ya ua, akaomba aelezwe rangi ya masikio, akasema wameambukizana wao kwa wao.

"Hii njo pesti ya nguruwe," alisema. "Haina dawa, haina sindano. Nguruwe asiingie humu, asitoke. Kamba, ndoo, viatu, vyote vinabeba. Na leo hii uambie bantu bote benye baliacha nguruwe kwako."

Mwadi alisema atawaambia. Alikusudia kweli. Jioni alishika simu, akaandika jina la Lise, akafuta. Alhamisi akasema kesho. Ijumaa akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alilijua neno hilo tangu utotoni, aliwahi hata kuwaambia wengine, ila hakuwahi kuona jinsi kuficha kunavyokuwa kazi nyepesi, kazi ya kutofanya kitu. Nyuma ya nyumba makaburi yalikuwa sita. Kila asubuhi Zébédée aliyakuta yamekwanguliwa na mbwa wa watu, akayafukia tena, na wote wawili hawakuulizana mbwa wale walirudi kwa nani.

Jumamosi ikafika. Hakukuwa na nguruwe wa kuoshwa. Waliobaki watatu walilala wamebanana pembeni mwa banda bila kukoroma. Mwadi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatafuta ndani ya simu mpaka akapata picha ya Bolingo ya mwezi uliotangulia, akaituma.

Jibu lilikuja kwa sauti. Lise alikuwa anahema kidogo, kwani Kinkondja lazima upande mahali palipoinuka ili upate mtandao.

"Mama Mwadi, foto nimeona, aksanti sana. Sikia. Ku Base nguruwe banakufa, nyumba kwa nyumba. Mudogo wangu Mireille alikuwa analia, hajue kwa kupeleka ya kwake. Ile nguruwe njo yote yenye bwana yake alimuachia mbele ya kufa. Minyi nikamutumia foto ya Bolingo, nikamwambia: peleka kwa Mama Mwadi, kwake hakuna kitu, jionee. Ametoka mbele ya jua, na baiskeli. Umupokee."

Mwadi aliisikiliza mara mbili, si kwa kutoelewa. Akampigia Mireille. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena.

Zébédée alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Watu wa reli walimjua kwa upole, na hakuna treni hata moja aliyoipotezea njia. Alikuja akachuchumaa karibu na mkewe, akasema polepole, bila kumtazama.

"Acha akuje. Base kuko ugonjwa, bote banajua. Nguruwe ya Mireille ikiingia hapa, hata kesho tutasema: yeye njo alituletea. Bolingo naye atakuwa amekufa sasa, hapana Jumatatu. Nani atatuuliza?"

Mwadi aliliona jambo lile lote kwa mara moja, na lilikuwa tamu. Picha zote zingekuwa za kweli. Makaburi sita yangekuwa ya wiki ijayo. Lise angemlaumu mdogo wake, na jina la Mama Mwadi lingebaki safi kama mgongo wa nguruwe wa Jumamosi. Kwa muda wa kuvuta pumzi tatu hivi alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote, na hakuwahi kutaka kitu namna ile.

Kisha akainuka. Alijisugua mikono na miguu kwa majivu na sabuni, akasuuza, akarudia. Alivua kitenge cha bandani, akavaa gauni la kanisa na viatu vya kanisa, vitu viwili ambavyo havikuwahi kufika karibu na banda. Zébédée alimwita. Hakugeuka.

Barabara ya Base ilikuwa nyekundu na ndefu. Aliwapita wauza makaa wakisukuma mizigo yao. Wakamsalimu, wakamuuliza kama kuna msiba. Alisema bado. Visigino vilianza kuchubuka, na kila baiskeli iliyotokea mbele ilimsimamisha moyo, kisha ikawa ya mihogo au ya mkaa. Alianza kuomba Mireille awe amechoka njiani, awe amepasukiwa na mpira, awe amerudi.

Alimwona baada ya daraja dogo. Mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi cha ujane alikuwa anasukuma baiskeli, nyuma yake mama nguruwe amefungwa ubavuni kwenye kitanda cha fito, na mbele, kwenye usukani, kikapu chenye watoto wanaolia. Walikuwa safi. Hata kutoka pale mtu aliona masikio yao mekundu kwa uzima. Mireille alimtambua, akacheka kwa uchovu, akaongeza mwendo.

"Mama Mwadi, umekuja kunipokea."

"Simama hapo hapo, mama. Usinikaribie."

Mireille alisimama. Zilibaki hatua ishirini kati yao.

"Kwangu banakufa," Mwadi alisema. "Bolingo alikufa Jumatatu. Ile foto ya Lise iko ya zamani. Minyi njo nilituma. Nilijua."

Mireille aligeuka. Alitazama barabara nyuma yake, ile aliyoisukuma tangu usiku haujaisha, kisha akatazama mbele.

"Kule banakufa," alisema. "Kwako banakufa. Sasa minyi niende wapi?"

Mwadi alitazama kikapu kwenye usukani.

Baiskeli iliinama. Labda mikono ya Mireille ililegea, labda nguruwe alijitupa upande mmoja. Ikaenda chini polepole, fito zikavunjika, kikapu kikafunguka, na watoto wa nguruwe wakamwagika barabarani. Mama yao alilala kwenye vumbi, amefungwa bado, akipiga miguu hewani. Mireille alishika usukani kwa mikono miwili akavuta. Ulimshinda. Akavuta tena, akapiga goti moja.

"Unisaidie basi," alisema.

Mwadi alipiga hatua moja, akaacha. Alitazama mikono yake, ile iliyozika nguruwe sita. Watoto wawili wa nguruwe walikuwa wamekwisha kumwona, wakawa wanamjia mbio, pua mbele, na yeye akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, ndani ya viatu vyake vya kanisa.