Sifuri ya Shemeji

Kwa miaka kumi na tisa mke wa mwanamieleka Tingatinga alikata tiketi mlangoni mwa ukumbi wa mieleka, na kwa miaka hiyo yote alitunza siri moja. Kila Jumamosi, pambano la mwisho likikaribia, kaka yake, aliyekuwa mwandaaji na mtangazaji kwa pamoja, alimjia mbio na kumnong'oneza: "Wangapi, dada?" Naye alimpa idadi kamili, mtu kwa mtu. Kaka mtu akapanda ulingoni, akashika kipaza sauti, akaongeza sifuri moja mwishoni. Mia mbili themanini wakawa elfu mbili na mia nane. Watazamaji walishangilia kana kwamba hao wengine wamejificha chini ya viti.

Aliyeiamini sifuri hiyo alikuwa mmoja tu, naye ni Tingatinga mwenyewe. Alivua miwani kabla ya kupigana, na bila miwani hata kamba za ulingo alizipapasa, sembuse kuona viti vya nyuma. Nyumbani, akikandwa mgongo kwa maji ya moto, alijisifu: "Elfu tatu leo, mama watoto! Watu elfu tatu wameacha shughuli zao waje kunitazama mimi!" Mkewe alizidi kukanda. Angeanzia wapi?

Jumamosi ya pambano lake la kuaga, mkaguzi wa zimamoto aliingia na tangazo la kaka mtu mkononi.

"Mmeandika hapa kwamba wiki iliyopita mliingiza watu elfu tatu na mia moja. Ukumbi huu una kibali cha watu mia nne. Naufunga."

"Mkubwa, hiyo ni chumvi tu," kaka mtu akasema, jasho likimtiririka.

"Chumvi kiasi gani?"

"Kama... sifuri moja hivi."

Mkaguzi hakucheka. "Basi washeni taa. Kila aliyekaa ataje namba yake kwa sauti. Wakizidi mia nne, mnakwenda nyumbani."

Mke wa Tingatinga alitupa macho ulingoni. Wasipohesabu, hakuna kuaga. Wakihesabu, mumewe, ambaye alikwisha kusimama ulingoni na kaptula yake nyekundu, atasikia maisha yake yote yakipunguzwa sifuri.

"Moja!" akaita bibi mmoja wa kiti cha mbele, tena kwa mbwembwe.

"Mbili!" akanguruma fundi viatu kando yake.

Mchezo ukawanogea. Mia moja ilipotimia wakapiga makofi. Kwenye mia moja na saba wanawake wawili wakaitika kwa mpigo, wakagombania namba hiyo mpaka ukumbi mzima ukashika mbavu. Tingatinga aliegemea kamba, akigeuza kichwa kufuata kila sauti. Mkewe hakumwondolea macho.

"Mia tatu na kumi na mbili!" akamalizia mtu wa kiti cha mwisho.

Mkaguzi akaandika, akaruhusu pambano. Hakuna aliyeshangilia. Wote walimtazama Tingatinga, ambaye aliomba miwani yake, akaivaa, akautazama ukumbi kiti kwa kiti. Kisha akachukua kipaza sauti.

"Shemeji," akasema, "hao maelfu wako sijawahi kumsikia hata mmoja wao akikohoa."

Kaka mtu akajibanza nyuma ya mkaguzi.

"Lakini hawa nimewasikia, mmoja mmoja. Mpaka hao mia moja na saba wawili, wenye kelele!" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao. "Ila mmekosea hesabu. Yuko mmoja hamkumtaja. Miaka kumi na tisa anasimama mlangoni, anawaingiza nyie, na hajaniona nikipigana hata siku moja. Mama watoto, funga mlango huo. Njoo ukae."

Mkaguzi mwenyewe akamvutia kiti hadi mstari wa mbele. Mke wa Tingatinga akakaa, tiketi bado zimemjaa mkononi. Ukumbi mzima ukamgeukia, ukasubiri. Kilio na kicheko vilimjia kwa pamoja, asijue kipi akitangulize.

"Mia tatu na kumi na tatu!" akapaza sauti.